Tupeane uzoefu: ludo, drafti, mweso na skrabo ya Kiswahili nyumbani

MamaLikizo (Jinja)
Likizo ya Desemba ndiyo hiyo inakuja, watoto watashinda nyumbani na umeme nao tunaujua. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa michezo ya ubao. Ombi langu: tuandike sheria, vifaa, vipimo na pale watu wanapokosea. Nani alimfunga nani tuache, maana mzazi anayetaka kufundisha jioni hii anahitaji kujua kete ngapi ziwekwe wapi.

Naanza na ludo kwa sababu ndiyo wengi tulianzia hapo. Mchezo huu ulitokana na pachisi ya India, ukasajiliwa Uingereza mwaka 1896. Ubao ni vyumba 15 kwa 15. Ukichora kwenye kadibodi ya sentimita 45 kila upande, kila chumba ni sentimita 3. Chora kwanza mistari yote 14 ya kusimama na 14 ya kulala, kisha ndipo upake nyumba za kona, 6 kwa 6. Wanaoanza na nyumba za kona kwa kukisia hujikuta mkono mmoja wa msalaba una vyumba vitano na mwingine saba. Hesabu ya kuhakikisha: kila mkono una vyumba 18, jumla 72. Kati ya hivyo 52 ni barabara ya wote, na 20 ni vichochoro vya kuingilia nyumbani, vitano kwa kila rangi.

Kwa wadogo, ludo kamili ni ndefu mno. Kutoka chumba cha kuanzia hadi katikati ni hatua 56. Dadu moja kwa wastani hutoa 3.5, kwa hiyo kete moja huhitaji kama mitupo 16, na kete nne mitupo 64 kwa kila mtu, bado hujahesabu kuliwa na kungoja sita. Mpe kila mtoto kete mbili badala ya nne, mchezo unapungua nusu.

Kungoja sita ndiko kunakowaliza. Kwa dadu moja nafasi ni 1 kati ya 6. Ruhusu mtu asiye na kete nje atupe mara tatu katika zamu yake: nafasi inafika kama 42 kwa 100. Mkitumia dadu mbili kwa mtupo mmoja ni kama 31 kwa 100, kwa hiyo dadu mbili si haraka kutoka kuliko mitupo mitatu, ingawa wengi hudhani hivyo.

Kabla ya mtupo wa kwanza semeni kwa sauti: dadu ikianguka nje ya ubao inarudiwa au inahesabiwa? Sita tatu mfululizo zinafuta zamu? Kete mbili za rangi moja kwenye chumba kimoja ni ukuta au zinaliwa? Kuingia katikati ni kwa namba kamili? Ugomvi wa ludo hutoka humo humo.

Steji_Ntinda (Kampala)
Asante nyabo. Drafti nitaisema kwa kifupi maana inajulikana. Vyumba 8 kwa 8, kete 12 kila upande, zote kwenye vyumba vyeusi. Vizibo vya soda 24 vinatosha: mmoja anavifunika, mwenzake anavilaza chali. Weka vinne vya akiba, kwa sababu kingi, yaani kete iliyofika safu ya mwisho ya mwenzako, ni vizibo viwili vilivyobebana, na mwanzoni unaweza kupata kingi kabla hujala kizibo cha kuazima.

Kosa la kwanza ni ubao kukaa vibaya. Kona ya kushoto ya kila mchezaji iwe chumba cheusi. Ukigeuka, njia kuu, ule mshazari wa kona hadi kona, unahamia upande mwingine na kila mlichojifunza kinavurugika.

Kula ni lazima. Huo ndio utamu wote wa drafti, kwani ndiyo silaha: unampa moja, analazimika kuila, anafungua mlango, wewe unakula mbili au tatu. Familia inayocheza kwa sheria ya "ukitaka unakula" inacheza mchezo usio na mtego, na baada ya wiki unawachosha.

Jambo kubwa la kukubaliana ni kingi. Je, anatembea chumba kimoja kimoja, au anaruka mshazari mzima? Ni michezo miwili tofauti. Kingi akiwa wa kuruka, kingi mmoja aliyeshika njia kuu hatolewi hata na kingi watatu; hiyo ni sare, msikeshe. Ndiyo maana anayezidiwa aende njia kuu mapema, asisubiri abaki na kete moja.

Bombo4x8 (Bombo)
Naona mweso haujaguswa, na ndio mchezo wetu wa hapa Uganda. Wanaojua bao la Pwani wataona ubao ule ule: safu nne za mashimo manane, jumla 32, kete 64, kila mtu 32 na safu mbili zake. Kufanana kunaishia hapo. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete 22 mkononi na unazinamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja. Katika mweso kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Na katika bao unakula shimo la mbele la mwenzako peke yake. Kwenye mweso unakula mashimo mawili ya mstari mmoja, la mbele na la nyuma, na lazima yote mawili yawe na kete. Shimo moja likiwa tupu, hakuna kula. Shika hilo, utaelewa theluthi mbili za mchezo.

Mpangilio. Kwanza kila mtu anaweka kete nne nne katika mashimo manane ya safu iliyo karibu naye. Hiyo ni njia ya kuhakikisha empiki, yaani kete, zote 64 zipo. Kisha wa kwanza anazipanga upya apendavyo katika mashimo yake 16, halafu wa pili anapanga zake akiwa ameona. Anayejifunza asipange. Wekeni mbili mbili katika mashimo yote, inatosha.

Mwendo. Chukua shimo lenye kete mbili au zaidi. Kete moja haianzishi mwendo. Panda moja moja kinyume cha saa, kwenye safu zako mbili tu. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete na hakuna cha kula, zoa zote pamoja na hiyo ya mwisho, uendelee.

Kula. Kete ya mwisho ikifika kwenye shimo lenye kete katika safu yako ya ndani, ile inayotazamana na mwenzako, na mashimo mawili ya mwenzako yaliyo mbele yake yote yana kete, unazoa za mashimo hayo mawili. Hapa ndipo tisa kati ya kumi wanaojifunza hukosea: hawajui waanzie wapi kuzipanda. Hazianzii pale ulipokula. Zinaanzia shimo linalofuata lile ulikozoa kete za mzunguko uliokula.

Andikeni namba kwa chaki. Safu ya karibu nawe 1 hadi 8 kutoka kushoto, safu ya ndani 9 hadi 16 ukirudi kutoka kulia, hivyo 9 iko juu ya 8 na 16 iko juu ya 1. Tuseme umezoa 7 yenye kete nne: 8, 9, 10, 11. Shimo la 11 lilikuwa na moja, sasa lina mbili. Mbele yake mwenzako ana mbili na tatu. Unakula tano. Zile mbili zako za 11 haziguswi. Tano unazipanda kuanzia 8: 8, 9, 10, 11, 12. Kama 12 ilikuwa tupu, umelala. Rudieni mfano huu mara tano kabla ya kucheza mchezo wowote.

Kurudi nyuma. Mashimo manne ya mwisho kushoto kwako, yaani 1, 2, 15 na 16, yana ruhusa ya kupandwa kufuata saa, lakini iwe kwa kula moja kwa moja. Hii wafundisheni siku ya tatu, si ya kwanza.

Kushinda ni mwenzako kukosa shimo lenye kete mbili. Upo pia ushindi wa emitwe ebiri, kukata vichwa viwili: katika zamu moja unakula ncha zote mbili za ubao wake, kushoto na kulia. Kwa hiyo ncha moja iache na shimo tupu daima.

Fundi_Mbao (Busia)
Mzee wa Bombo amemaliza sheria, mimi naleta ubao. Shimo la upana wa sentimita 6, na sentimita 1 kati ya shimo na shimo hadi pembeni, unahitaji mbao ya sentimita 57 kwa 29. Unene usipungue 4, kwa kina cha shimo 2 na nusu. Mbao mbichi itapasuka katikati ya safu, kwani huko ndiko ulikotoboa zaidi. Ikaushe kabisa, na chonga mashimo ya katikati kwanza.

Usiye na fundi wala pesa, chukua trei mbili za mayai, zile za 30, tano kwa sita. Ya kwanza kata safu moja ya sita, inabaki nne kwa sita, mashimo 24. Ya pili katia kipande cha nne kwa mbili, mashimo manane. Gundisha ubavuni: nne kwa nane. Chini bandika kadibodi ngumu, la sivyo inakunjika katikati mtu akizoa kwa haraka.

Kete: maharagwe makavu makubwa, au vijiwe. Maharagwe yakipata unyevu yanavimba na kuota, yaweke kwenye kopo. Na nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, tumia vizibo, siyo maharagwe.

MamaLikizo
Swali kwa Bombo4x8: mtoto wa miaka sita anaweza mweso?

Bombo4x8
Anaweza kupanda na kuzoa. Kula mwachie wiki ya pili. Mpe safu moja ya mashimo manane peke yake, kete mbili mbili, azunguke hadi alale. Anajifunza kuhesabu bila kunyooshea shimo kidole, na huo ndio ujuzi wenyewe wa mweso.

Mwl_Kiswahili (Mbale)
Mimi ni skrabo, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi. Seti za madukani ni za Kiingereza na zinatunyima mchezo. Zina E 12 na K moja tu, yenye pointi 5. Kiswahili bila K ni nini? Q na X hazina kazi kwetu, na C ni ya CH peke yake.

Tengenezeni vipande vyenu kwa manila. Karatasi ya sentimita 20 kwa 20 hutoa vipande 100 vya sentimita 2. Mgawo ninaopendekeza: A 17, I 10, U 7, E 5, O 5, K 6, N 6, M 5, L 4, H 4, W 4, T 3, S 3, Y 3, B, P, G, R, D, Z mbili mbili, J, F, V, C moja moja, na vitupu 2. Jumla 100. Pointi: herufi yenye vipande vitano au zaidi ni 1, vitatu au vinne ni 2, viwili ni 4, kimoja ni 8.

Sasa tatizo la vitenzi. ANAPIKA ni herufi saba, na mwenzako anatia W moja mbele anapata WANAPIKA. Kwa sheria ya asili, anayemaliza kwa mara moja vipande vyote saba alivyo navyo hupata pointi 50 za ziada, lakini kwetu saba ni neno la kawaida. Punguza iwe 20. Na kitenzi kiruhusiwe kiambishi cha mtenda na cha wakati tu. Mkiruhusu na cha mtendwa na "-po-", mabishano hayaishi. Wekeni kamusi mezani. Watoto wanaosema Luganda nyumbani huchanganya L na R, na kamusi inawafunza bila mtu kugombezwa.

Katwe_Chesi (Kampala)
Chesi kwa mistari michache. Katwe, mtaa wa Kampala, ilijulikana kwa Phiona Mutesi, aliyepata cheo cha Woman Candidate Master baada ya Olimpiadi ya chesi ya Istanbul mwaka 2012. Msianze na vipande vyote. Siku ya kwanza askari wadogo wanane kwa wanane, anayefikisha mmoja mwisho ameshinda. Siku ya pili ongeza wafalme. Farasi awe wa mwisho. Na lile linaloumiza wanaoongoza: mfalme wa mwenzako asiyetishwa, naye hana kipande chochote cha kusogeza, ni sare. Kila ukibaki na malkia dhidi ya mfalme mtupu, hesabu vyumba vyake vya kukimbilia kabla hujaachia kipande.

Steji_Ntinda
Mwalimu, MUCHOMO (nyama ya kuchoma) inakubalika?

Mwl_Kiswahili
Mkiandika kabla ya kuanza orodha ya maneno ya Uganda mtakayoyakubali, ndiyo. Katikati ya mchezo, hapana.