Mrejesho: trekta la zamani lililokuwa halichaji betri

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza trekta lenye dainamo (kifaa kinachozungushwa na injini kuchaji betri) taa ya chaji haizimi na betri inakufa kila siku. Mlisema nisikimbilie kununua regyuleta (kidhibiti cha chaji) na kweli mmeniokoa. Nikatoa zile waya mbili za dainamo, D (ya kutoa umeme) na F (ya fildi, yaani koili za sumaku), nikaunganisha taminali za D na F za dainamo pamoja nikapima na multimita injini ikizunguka taratibu, ilitakiwa ipande haraka ivuke volti 15, yangu karibu sifuri! Kufungua, brashi (vipande vya kaboni) zimekwisha kabisa na komyuteta, ile sehemu ya shaba inayosuguana na brashi, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikaweka brashi mpya, komyuteta nikaipiga msasa laini, waya wa ethi (unaoenda kwenye bodi) nao nikakwangua kutu. Sasa betri inasoma volti 14.1 injini ikiwaka, taa imezima. Belti bado inalia kidogo, ntaikaza kesho.