Naomba ushauri: kumpeleka mzee wa miaka 71 Loiyangalani, tukitokea Mwanza

BintiIgoma
Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu alifundisha historia shule ya msingi kwa miaka 34, kwanza Magu, kisha hapa mjini. Kila mwaka alichora ubaoni ramani ya Afrika Mashariki yenye nukta mbili: moja Olduvai, nyingine Ziwa Turkana. Olduvai tulimpeleka mwaka juzi. Alisimama pale lilipopatikana fuvu la Zinjanthropus, yule binadamu wa kale, mwaka 1959, akanyamaza mpaka tuliporudi kwenye gari. Imebaki nukta ya pili.

Mpango wangu ni basi hadi Nairobi kupitia Sirari, halafu Marsabit, halafu Loiyangalani, kijiji cha jangwani upande wa mashariki wa ziwa. Kutokea hapo tuingie Koobi Fora, kulikochimbuliwa mabaki ya binadamu wa kale. Mzee ana presha na anatumia dawa, magoti yanamsumbua ila anatembea mwenyewe. Kaka zangu wanasema namtafutia mzee matatizo. Waliofika huko nishaurini, nimejichanga kwa ajili ya safari hii tangu mwaka jana.

Msafiri_Kirumba
Dada, Loiyangalani nimefika. Ni pazuri kweli. Unashuka kwenye mawe meusi ya volkano, hakuna jani, mara unakuta chemchemi na mikoche imesimama. Jina lenyewe kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi. Pembeni kidogo wanaishi El Molo, watu wa uvuvi, wachache sana.

Shida ni barabara. Lami inakuacha mbali, zinazobaki ni saa nyingi za vumbi na mawe. Na Koobi Fora si jirani ya pale kama ramani inavyoonyesha. Iko kaskazini, ndani ya hifadhi ya Sibiloi, na unahitaji gari imara, mafuta ya akiba na siku nzima ya kurushwarushwa. Mimi nina miaka 30 na mgongo ulinikumbusha wiki nzima. Mzee wa magoti nisingempitisha huko.

Mdau_Kisumu
Namuunga mkono aliyetangulia. Dada, kwani kwa nini upitie Nairobi? Wewe unatoka Mwanza. Ukishavuka Sirari njoo Migori, Kisii, Kisumu, mlale hapa. Kesho yake Kitale, mlale tena. Kisha mteremke Lodwar. Hiyo ni Turkana ya magharibi, ziwa ni lile lile, na huzunguki nchi nzima.

Kutoka Lodwar nendeni Kalokol, ni mwendo wa saa moja hivi. Kijiji kidogo, mchanga, upepo, mbuzi, ziwa liko mbele yako. Kabla hujafika, karibu kabisa na barabara, kuna nguzo za mawe zinaitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe. Waturkana wanasimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Nguzo ni 19. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota. Wengine waliochimba baadaye wakasema maeneo ya nguzo kama hayo ni makaburi ya wafugaji wa kwanza wa ziwa hilo, ya miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Mzee anashuka garini, anatembea hatua chache, amefika.

Njiani kati ya Kitale na Lodwar safirini mchana tu, na muulize hali ya usalama upande wa Kainuk siku hiyo hiyo, msitegemee habari za wiki iliyopita.

BintiIgoma
Ahsante sana kaka. Lakini baba anamtaja kila siku yule kijana wa Turkana, mifupa ile ya binadamu wa kale. Huko Kalokol atamwona?

Mwl_Nyegezi
Hilo lazima mlijue mapema ili mzee asivunjike moyo. Mifupa ya yule kijana haipo Turkana kabisa. Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984 Nariokotome, upande huo huo wa magharibi lakini mbali kaskazini, na ina miaka kama milioni 1.5. Imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Huko ziwani utaona ardhi iliyoihifadhi, si yenyewe.

Mimi ningemsimulia habari za Lothagam, eneo jingine la nguzo kama hizo, kusini ya Kalokol. Wafugaji wale wa kwanza wa ziwa walizika pale watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, watoto wachanga, karibu wote wamevishwa shanga za mawe ya rangi, bila kaburi la mkubwa kutengwa na la mdogo. Mwalimu mstaafu ataelewa uzito wake kuliko sisi wote humu. Mpe shikamoo yangu.

Nesi_Butimba
Mimi nazungumzia presha. Lodwar mchana joto ni nyuzi 35 na kuendelea, kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Kama kati ya dawa za mzee kuna ya kumkojoza, aonane na daktari wake kabla ya safari, maana joto hilo na dawa hiyo vinaweza kumwangusha. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Pimeni presha asubuhi na jioni, bebeni mashine. Maji ya chupa yatoke Lodwar, ya ziwa yana magadi. Nguzo muzione saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne awe kivulini.

Mvuvi_Igombe
Nami neno moja. Msimpandishe mzee boti kwenda Kisiwa cha Kati ati kwa sababu amezoea maji ya kwetu. Upepo wa Turkana unaamka ghafla, na mamba ni wengi. Akae ufukweni aangalie wanavyoshusha sangara. Huko sangara ni wa asili, hapa kwetu walipandwa miaka ya 1950 na 1960.

BintiIgoma
Nimesoma zote, nimemsomea na baba kwa simu. Loiyangalani nimeiacha. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza zile nguzo 19 zimekaa mduara au mstari, anataka kuzichora kabla hajaziona. Mdau Kisumu, unakumbuka?

Mdau_Kisumu
Si mduara wala mstari mmoja, dada, zimesimama pamoja kwa kukaribiana. Zimeinama kidogo kidogo, kila moja upande wake. Mwambie azichore karibu karibu.