Nikona elfu 55 tu: nichukue i7 iliyo tayari ama nijiungie kompyuta ya gemu?

Donholm_kijana
Wadau habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nimejinyima mpaka nimefikisha elfu 55 za kompyuta ya gemu, hiyo ni ya boksi peke yake juu monita nikonayo tayari ya 1080p 75Hz, kibodi na mausi pia ziko. Nacheza FC, ile gemu ya mpira, na vijana wa ploti, GTA V, na Valorant kidogo usiku.

Jana nilipita Moi Avenue, kuna duka wakanionyesha mashine imekamilika: prosesa ya Intel i7, RAM 16GB, diski ya 1TB, kadi ya grafiksi ya GTX 750 Ti, na feni zinawaka rangi zote kama matatu ya Rongai. Wanataka elfu 52 na Windows wamenitilia. Brathe yangu mkubwa anasema i7 ni i7, nibebe nisipoteze wakati. Beshte wa chuo naye anasema ninunue vipuri kimoja kimoja nijiungie, lakini mimi sijawahi kufungua kompyuta hata kupanguza vumbi. Nifanye nini?

Mzee_wa_Feni
i7 namba ngapi? Uliza hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Donholm_kijana
Nimewapigia mkuu, wanasema i7-4770.

Mzee_wa_Feni
Wachana nayo. Hiyo 4770 ilitoka 2013 na kadi ya 750 Ti ni ya 2014, nyingi zina memori ya 2GB, na FC za hii miaka zinaanzia kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti yenye 4GB. Jina i7 bila namba za nyuma halikuambii kitu, i5-8500 ya 2018 ina kori (zile injini za ndani ya prosesa) sita za kweli na inaipita hiyo i7 vizuri tu. RAM yake pia ni DDR3, siku ukihamia mashine nyingine hiyo RAM haikufuati popote.

Halafu kuna hii watu wa maduka hawapendi kusema. Windows 11 kirasmi inaanzia Intel za jenereshoni ya nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Watakwambia si wamekuwekea 11 na inawaka? Itawaka ndiyo, lakini Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za ndani ya mashine zenye mashine ya umri huo inaweza kukosa, kwa hivyo unaweza kulipa elfu 52 na gemu ikukatalie mlangoni. Hapo unanunua taa.

Shiru_Skrubu
Mzee amemaliza hiyo ya i7. Sasa kama pesa ni elfu 55 na haisongi, mimi ningeenda na mashine ya ofisi, zile ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, zimejaa tao yote kuanzia Moi Avenue mpaka Luthuli. Tafuta yenye i5-8500 ama 8400, zote ni jenereshoni ya nane kwa hivyo Windows 11 haina maneno. Sababu kubwa ni RAM. Tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima juu viwanda vimegeukia kutengeneza memori ya seva za AI, sasa mtu akienda kununua 16GB peke yake kwa duka anatoka ameshika kichwa, ilhali mashine ya ofisi inakuja na RAM yake, mara nyingi na SSD yake, na leseni ya Windows kawaida imekaa ndani ya madabodi, ile bodi kuu. Kile umeokoa hapo chote kinaenda kwa kadi, na kwa gemu kadi ndiyo inafanya kazi.

Lakini chunga umbo!! Kuna zile nyembamba za kulala chini ya monita, hizo usiguse hata wakipunguza bei, zinakubali kadi fupi tu na hizo kadi fupi ni haba na bei yake ni ya madharau. Wewe sema unataka tawa, ile ya kusimama.

Halafu pawa. Hizi OptiPlex za Dell, nyingi saplai yake ni wati 240 hadi 260, na plagi inayoingia kwa madabodi si ile ya pini 24 ya kawaida, kwa hivyo huwezi kung'oa tu ukaweka yoyote umeona Luthuli bila kutafuta adapta. Waya wa kulisha kadi pia kwa kawaida hakuna. Maana yake unatafuta kadi inayokula stima kutoka kwa sloti yenye inachomekwa peke yake, na sloti ya PCIe inatoa wati 75 mwisho wa mchezo. Hapo ndipo GTX 1650 inaingia, memori 4GB, inatosha gemu zako zote tatu. Ila si kila 1650, wengine wameitengeneza na tundu la pini sita. Muuzaji akikupea, kabla hujaongea bei igeuze uangalie ule ubavu wa juu upande wa mwisho: kukiwa laini haina kitu, hiyo ni yako, kukiwa na katundu keusi ka pini mrudishie. Mtu atakuja hapa akwambie RX 6400 juu nayo haina tundu na inakula wati 53 peke yake. Si kadi mbaya, lakini inatumia leni nne tu za PCIe, zile njia za kupitisha data, na madabodi ya 8500 ni PCIe 3.0, toleo la zamani, kwa hivyo inabanwa pumzi, tena haina enkoda ya video, siku ukitaka kurekodi mechi uwapostie wenzako utaanza kulalamika.

Na uangalie RAM ziko mbili za nane nane, si kipande kimoja cha 16. Wakikuonyesha kimoja waambie wabadilishe, hiyo haiwagharimu kitu.

Ngara_AM4
Shiru nakuheshimu lakini unamfungia kijana kwa kona. Mwaka ujao akitaka kadi kubwa, saplai inakataa, akitaka kubadilisha saplai plagi inakataa, akitaka kuhamisha madabodi kwa kesi ingine matundu hayalingani. Anabaki kuuza yote. Mimi nasema aende AM4, ile soketi ya prosesa za AMD Ryzen: madabodi ya B450 ama B550, Ryzen 5 5600G, saplai nzuri ya wati 550, aanze bila kadi kabisa. 5600G ina grafiksi yake ndani, Valorant inakimbia fremu zaidi ya 100 kwa setingi za chini, GTA V inachezeka 1080p. Akipata pesa anapachika kadi ya RX 6600 na maisha yanaendelea. Muhimu aulize duka kama baiosi ya hiyo madabodi, ile programu ya kuiwasha, imesasishwa, B450 iliyokaa kwa rafu tangu zamani haitamtambua Ryzen wa 5000, utawasha upate skrini nyeusi ukidhani umeua kitu.

Shiru_Skrubu
Na RAM atanunua na nini Ngara? Hiyo grafiksi ya ndani ya 5600G inakula RAM ya mashine yenyewe, lazima ziwe mbili na ziwe za spidi, DDR4 3200, yaani unamtuma kijana anunue kile kitu sai ndicho ghali. Halafu akija kuweka hiyo RX 6600 yako, 5600G ina kashe, ile memori ya haraka ya ndani ya prosesa, 16MB wakati 5600 ya kawaida ina 32MB, na 5600G ni PCIe 3.0. Mpango wako ni mtamu kwa mtu wa elfu 90.

Ngara_AM4
Hapo kwa RAM umenishika, siwezi bisha. Lakini kuna watu wanauza DDR4 za mtumba, ziko sawa, RAM haichoki ovyo. Kijana atuambie tu, ataongeza pesa ama hii ni mara moja?

Donholm_kijana
Nikipata kibarua naeza ongeza kidogo lakini sina uhakika, na kusema ukweli nataka kucheza sasa si mwaka ujao 😅 Hiyo ya tawa inanikaa. Lakini kadi ya mtumba nitajuaje si feki? Na pia stima ya huku kwetu inapotea ikirudi inarudi na hasira.

Mzee_wa_Feni
Feki ziko na ziko nyingi. Kuna majamaa huko zinakotoka wanachukua kadi kuukuu kama GTS 450 ama GTX 550 Ti, wanaandika baiosi mpya ndani, Windows inaisoma 1050 Ti ama kitu kikubwa, ukifungua gemu inazima. Ishara ya haraka ni macho tu: kadi za Nvidia kuanzia GTX 1050 kuendelea hazina tena uwezo wa VGA ndani yake, ukiona eti 1050 Ti ama 1650 iko na ile soketi ya buluu ya VGA, anza kushuku. Beba flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma kadi ni gani, na FurMark, ya kuichosha kadi uone kama itahimili. GPU-Z ikigundua ni feki ya Nvidia inaandika FAKE mbele ya jina, haifichi. FurMark iwache ikimbie dakika kumi hapo hapo dukani huku unaangalia joto na skrini, ukiona vidoti vya rangi ama mistari, toka. Na ukishawishiwa kadi ya RX 580, uliza kama ni 2048SP, yaani yenye kori ndogo 2048, hiyo kiutendaji ni RX 570 imepewa cheo, 580 ya kweli ina 2304. Nyingi pia zilichimba sarafu ya dijitali ya Ethereum usiku na mchana mpaka uchimbaji ukaisha Septemba 2022, na kwa hiyo tawa saplai haiziwezi hata hivyo.

Stima nunua UPS, lakini soma wati usisome VA. 650VA si wati 650, ni chini ya hapo sana, ila kwa 8500 na 1650 na monita inatosha kukupa muda wa kuseivu na kuzima. Ile kinga ya friji pia si mbaya, inangoja stima itulie ndio ipitishe.

Benchi_Umoja
Kuweka kadi usiogope kijana ni kazi ya muda mfupi. Chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kidogo ule moto uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi utoe umeme wa mwilini. Fungua kile kibati cha nyuma, kadi iingie ile sloti ndefu, sukuma na vidole gumba sawasawa mpaka kile kilimi cha mwisho kilie ta, funga skrubu. Monita sasa inachomekwa kwa kadi, si tundu la juu lenye umezoea, hapo ndipo watu hupost ati kadi yao ni mbovu.

Na kwa wenye watasoma hii wakifuata njia ya Ngara: Ryzen za AM4 pini ziko kwa prosesa yenyewe, pembetatu ya dhahabu ya pembeni ilingane na alama ya soketi na idondoke bila kusukumwa. Feni ya Wraith Stealth, ile inakuja na prosesa, inafungwa na skrubu nne, kwa hivyo toa kwanza vile vishikio viwili vya plastiki vilivyokuja na madabodi, bakisha bati la nyuma. Pesti ya kupitisha joto imeshapakwa, usiongeze. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo kila pembe. RAM mbili kwa madabodi ya sloti nne zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Waya wa prosesa ni ule unaogawanyika nne na nne, wa kadi ni sita na mbili, zinafanana lakini usilazimishe moja kwa tundu la mwenzake. Saplai nayo soma stika, mstari wa 12V: zidisha ampia kwa 12, ikisema 35A hiyo ni wati 420, ndizo utatumia. Ukikuta imeandikwa 600W kwa herufi kubwa na 12V ni 20A, wacha hapo.

Donholm_kijana
Asanteni sana aisee, nimeandika yote kwa simu. Naenda na tawa ya 8500 na 1650 bila tundu. Swali la mwisho, maduka yatakubali nikae hapo nijaribu kadi?

Shiru_Skrubu
Yenye yanakataa pita, la pili liko hatua mbili. Nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi hakuna mtu atakuangalia. Warranti waiandike kwa risiti pamoja na serial namba ya kadi, si "GPU moja", na ulipe kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya duka, mtu akikwambia tuma kwa simu yake ndio upate punguzo, mwambie hapana.