Waliowahi kulima mwani, tupeane uzoefu

Ununio Kwetu: Wakuu, leo pale Feri nimepishana na gunia la mwani mkavu, ile harufu imenirudisha mbali. Nataka kujaribu upande wa Kigamboni. Zao halidai mbolea wala maji ya bomba, bahari tu. Waliolima njooni.

Mtoto wa Jambiani: Nimekulia humo. Kilimo hiki kilianza kwetu na Paje mwaka 1989, mbegu zimetoka Ufilipino, na kina mama ndio wametusomesha kwa mwani. Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa, tukaenda kuvuna kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, iliyokwisha kutimiza wiki sita. Ukitia mguu unasikia maji ya moto. Matawi yamepauka, meupe pee, ukishika yanakatika mkononi. Shamba zima, na ya majirani vilevile. Mama hakusema neno, akaanza kung'oa vigingi vya kamba tulizofungia mwani. Ada yangu ilikuwa kwenye zile kamba.

Kaka Mbweni: Kweli kabisa.

Bi Mkubwa Temeke: Ndiyo maana nasema pandeni spinosamu, ile aina nyingine ya mwani, inavumilia joto.

Kaka Mbweni: Na bei yake? Unajaza magunia, mnunuzi anakupa hela ya chumvi. Kotonii ndiyo inayolipa.

Bi Mkubwa Temeke: Hiyo hela ya chumvi imeezeka nyumba yangu, mwanangu. Usiidharau.

Dada Mlingotini: Acheni bei, kuna roho za watu. Sisi tulihamia kamba za kuelea, kina kirefu, huko maji hayachemki. Kazi yote ni juu ya ngalawa. Kusi ikachachamaa, wimbi likatupindua, kamba ikanizonga mguu, na kuogelea sijui. Nilishaanza kunywa maji. Shoga yangu akapiga mbizi na kisu akaikata. Kamba kadhaa zikaenda na mkondo.

Mtoto wa Jambiani: Subhanallah! Mguu je?

Kaka Mbweni: Pole sana dada. Huyo shoga yako Mungu amlipe.

Bi Mkubwa Temeke: Ununio, usianike mchangani, tengeneza kichanja. Mvua ikiunyeshea umeharibika. Na zungushia wavu, samaki tasi wanaokula mwani watakumalizia shamba.

Kaka Mbweni: Wavu wa nini? Tega dema humohumo, upate na kitoweo.

Ununio Kwetu: Dada, mlirudi baharini?

Dada Mlingotini: Mguu ulipona, alama ipo. Tulirudi, ila kwanza tulijifunza kuogelea, na bila jaketi la kuokolea hatupandi ngalawa. Wewe kuogelea unajua?