Kasri la Lord Egerton kwa picha nyeusi na nyeupe: kwa nini mawe yanatoka bapa?

Mkaaji wa Nakuru aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Katika miezi miwili iliyopita nimekwenda mara tatu kwenye Kasri la Lord Egerton, pale Ngata upande wa Njoro, nikikusudia kupata picha kumi na mbili nyeusi na nyeupe ambazo nitazichapisha na kuzitundika ukutani. Ukisimama mbele ya jengo lile unahisi uzito wake, hata sauti unaishusha bila kuambiwa. Kwenye picha zangu uzito huo haupo. Mawe yote yana kijivu kimoja, anga ni nyeupe tupu, na kuta zinaonekana kama zinalala nyuma. Nilipoongeza utofauti wa mwanga kwenye programu ya kuhariri, madirisha yakawa mashimo meusi na jengo zima likafanana na nyumba ya mizimu, jambo ambalo pengine si baya, kwa kuwa Lord Egerton mwenyewe, mlowezi wa Kiingereza aliyelijenga, aliishi humo bila mke wala mtoto. Je, ninunue filta nyekundu (kioo cha rangi cha kufunika lenzi), au kamera yangu ndiyo yenye kasoro?

Mpigapicha wa zamani, Kisumu:

Ndugu yangu, kamera yako haina kosa, na filta hiyo usiinunue kwanza. Filta nyekundu huzuia mwanga wa buluu, kwa hiyo anga safi ya buluu hugeuka karibu nyeusi na mawingu yakajitokeza. Lakini anga iliyofunikwa na wingu zito haina buluu ya kuzuiwa, na filta itakunyang'anya mwanga bila kukupa chochote. Tena hutia giza majani mabichi, na kasri lile limezungukwa na nyasi na miti. Ikiwa unatumia kamera ya kidijitali, piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) kwa rangi, kisha ushushe buluu taratibu wakati wa kuibadilisha. Ukiishusha kwa pupa anga litajaa chembechembe.

Tatizo lako ni mwanga. Jiwe la kuchonga halina rangi nyingi za kutofautisha, kwa hiyo likishaondolewa rangi kinachobaki ni umbo la uso wake, na umbo hilo huonekana pale tu jua linapoupitia ukuta kwa mshazari. Jua likiupiga ukuta uso kwa uso, kila kitundu kinajazwa mwanga na jiwe linakuwa bapa kama ulivyosema. Nenda karibu na ukuta jua likiwa ubavuni mwake, uangalie jiwe moja tu: pale ambapo tindo la fundi lilipita utaona mifereji midogo, kila mmoja ukiwa na ukingo mweupe upande mmoja na uzi wa kivuli upande wa pili. Mifereji hiyo ndiyo uzito unaoutafuta.

Nakuru ipo karibu mno na mstari wa ikweta, na hili wengi hulisahau. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini mchana kutwa, na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Machi na Septemba, saa sita mchana, jua huwa karibu utosini, na mwanga wake hushuka ukutani kutoka juu kama maji. Vitabu vingi vya upigaji picha hutuambia tuwe tumefunga kamera saa hiyo, lakini vingi viliandikwa na watu wa nchi ambazo jua halifiki utosini. Mimi ukuta wa mawe naupiga saa sita bila wasiwasi, mradi nikubali vivuli vikali chini ya kila kizingiti. Kwa hiyo chukua dira, uandike kila ukuta unatazama wapi, ndipo upange siku.

Kuhusu vipimo: pima mwanga kwenye kivuli ambacho bado unataka alama zake zionekane, kisha punguza hatua mbili za mwanga (kila hatua huupunguza kwa nusu), kwa sababu kipima mwanga hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani na kitakigeuza kivuli chako kuwa kijivu. Kwa faili ghafi angalia pia anga lisiungue, yaani lisizidiwe na mwanga hadi likawa jeupe tupu, maana kilichoungua hakirudi.

Dada wa Eldoret:

Kuta zinalala nyuma kwa sababu unainua lenzi. Rudi nyuma, weka kamera sawasawa na upeo wa macho, kisha wakati wa kuhariri ukate sehemu ya chini ya picha yenye nyasi zilizozidi. Siku za mawingu ingia ndani: vyumba viko 52, na mwanga laini wa dirishani ni mzuri kuliko jua. Omba ruhusa ya tripodi (stendi ya kamera yenye miguu mitatu) mapema.

Mwalimu wa Njoro:

Nitofautiane nawe kidogo, mwuliza, kuhusu nyumba ya mizimu. Simulizi za upweke wa Maurice Egerton, yaani huyo Lord Egerton, zimesimuliwa hadi zimechakaa, na picha nyingi za kasri lile zimetiwa giza ili kuzifuata. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukakamilika mwaka 1954. Mwenyewe alifariki mwaka 1958, kwa hiyo alilifaidi likiwa limekamilika kwa miaka michache mno. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na watu waliobeba na kuyapanga mawe yale, na majina yao hayakuandikwa ukutani. Alama za tindo alizozitaja mzee wa Kisumu ni mikono ya watu. Ningefurahi sana kuona picha moja kati ya hizo kumi na mbili ikiwa ya jiwe moja, limechapishwa kubwa, ili mzazi ampeleke mtoto mbele yake akaguse kioo cha fremu yake.

Mkaaji wa Nakuru:

Mwalimu, Mzee, Dada, nawashukuru. Mchana huu nimekwenda na dira. Ukuta nilioupiga mara zote tatu unatazama mashariki, nami nilifika kila mara saa tatu asubuhi, jua likiwa mbele yake kabisa. Keshokutwa nitafika saa tano na nusu, nianze na jiwe moja karibu na kona, kimo cha kifua, ambapo fundi alibadilisha mwelekeo wa tindo katikati ya kazi.