Kutikisa bahasha ya mtu kwenye maiki ndiyo uzee wa kanisa wa wapi huu?

Mlalahoi Mstaarabu

Wakuu habari za jioni. Yangu si nzuri na haitakuwa nzuri mpaka Pasaka.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule mwenye suti ya krimu, ambaye matangazo yake ni marefu kuliko mahubiri. Kama umewahi kusali ibada ya pili ukatoka saa nane mchana na watoto wamezimia kwa njaa, basi ni huyo huyo.

Leo mahubiri yameisha, kwaya imeimba, watu wameanza kutafuta ndala za watoto chini ya mabenchi. Anapanda yeye. "Bwana Yesu asifiwe!" Amina. "Bwana asifiwe sana!" Amina. "Sijasikia upande huu!" Nikajua tumekwisha. Mtu akikusalimia mara tatu kanisani kuna deni linakuja.

Akatoa lile boksi la bahasha za ahadi ya jengo. Akaanza kusoma namba moja moja, eti namba ni siri, wakati orodha ya namba na majina wameibandika mlango wa ofisi, na mwenye kuibandika ni yeye. Namba fulani, laki mbili, makofi. Namba fulani, laki na nusu, vigelegele. Akafika kwangu.

Hakuifungua. Angeifungua nisingekuwa hapa naandika. Aliishika ile kaki yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akaisogeza kwenye maiki, AKAITIKISA.

Cheng cheng cheng.

Kwenye maiki wakuu. Kwenye spika mpya nne, ambazo mwaka jana na mimi nilizichangia! Halafu akasema, "Wapendwa, bahasha nyingine zina furaha, zinaimba zenyewe." Kanisa zima chini kwa kicheko. Mchungaji kacheka. Mama mkwe kacheka. Kuna mtoto alikuwa analia tangu Zaburi, naye akanyamaza asikilize. Wapita njia wa barabarani wamesikia, bodaboda wa kijiweni wamesikia, nikitoka nje mmoja ananiambia "sarafu, twende?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Ndani ya ile bahasha kulikuwa na noti ya elfu kumi NA sarafu ya mia tano. Noti hailii! Hakuna noti duniani inayolia! Weka milioni nzima ya noti na sarafu moja, ukitikisa utasikia nini? Na huyu mzee amestaafu benki. Benki! Miaka yote hiyo dirishani alikuwa anahesabu kwa kusikiliza?

Na msije na habari za "kama hutaki kutoa usitoe". Mimi kutoa sijafundishwa na yeye. Nimekua naona mama anatenga mayai ya mavuno, anayaweka pembeni kwenye kisonzo, na sisi tunakula ugali na mchicha tukiyaangalia. Nimezaliwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971 kwa juhudi za makanisa, kwa hiyo hata kitovu changu kimekatwa kisadaka sadaka. Najua mchungaji halipwi na serikali. Najua umeme wa kanisa haulipiwi na malaika, na dayosisi nayo ina fungu lake linalopanda kila mwezi. Na baba alipofariki, kabla mjomba hata hajapata nauli, watu wa jumuiya walishafika na turubai, sukari, mchele na sufuria kubwa, wakalala pale siku zote za msiba. Ndiyo maana natoa. Siyo kwa sababu ya yeye na boksi lake.

Paulo kaandika wazi, 2 Wakorintho 9:7, Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Hakuandika popote "naye mzee wa kanisa ataitikisa".

Cheng cheng cheng. Mbele ya mama mkwe.

Wasimamizi wa jukwaa, uzi huu msiupeleke kule kwenye vichekesho.

Kitunguu Swaumu

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mkuu pole, ila hiyo noti ya elfu kumi weka picha.

Ngosha wa Igoma

Hii chai. Mtu mwenye elfu kumi anaanzaje kuweka na mia tano juu yake? Hiyo mia tano ilikuwa inasindikiza nini? Kubali tu uliweka chenji ya daladala.

Mlalahoi Mstaarabu

@Ngosha ahadi yangu ya mwezi ni elfu kumi na mia tano. Nilijipangia hivyo mwenyewe. Kuna sheria inakataza? Au mpaka sadaka iwe namba nzuri nzuri ndiyo inapaa?

Ngosha wa Igoma

Elfu kumi na mia tano 😂😂 Unamlipa Mungu na VAT?

Binti Milimani

Jamani mwacheni. Mimi simtaji ila namjua, na kwetu ibada ya kwanza alimsimamisha mjane akamwuliza ahadi yake imefika wapi. Mjane! Yaani yule ambaye kwenye Marko 12 Yesu alimsifu kwa senti mbili, huyu wetu angemwambia arudi Jumapili ijayo na salio.

Mzee wa Busara Chache

Kwa faida ya vijana. Vitabu vya kale vya Kiyahudi vinaeleza kwamba Hekaluni Yerusalemu palikuwa na masanduku 13 ya sadaka, mdomo wake umbo la tarumbeta. Wakati ule hapakuwa na noti, fedha ilikuwa ya chuma tupu. Tajiri akimwaga sarafu zake zinapiga kelele ukumbi mzima, na mjane zake mbili hazisikiki. Kwa hiyo zamani aliyelia sana ndiye aliyetoa nyingi. Mleta uzi, kwa utaratibu wa Hekalu, wewe leo ulikuwa tajiri.

Mlalahoi Mstaarabu

Mzee Mungu akuweke. Hili nalipiga chapa nalibandika mlango wa ofisi juu ya orodha yake.

Fundi Bomba

Mzee usimpe kiburi. Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Huyu mkono wa kushoto, wa kulia, mama mkwe na bodaboda wote wameshajua.

Mpemba Mtulivu

Sie wengine tunasoma tu huku tunakunywa uji wa pilipili manga. Zaka yetu ni mbili na nusu kwa mia, ya mali iliyofika kiwango na ikatimiza mwaka. Nyie kumi kwa mia, na mshahara hata haujafika nyumbani, kisha ahadi ya jengo, kisha mavuno, kisha gari la mchungaji. Poleni sana ndugu zetu.

Kitunguu Swaumu

@Mpemba na yale makopo ya ujenzi wa msikiti pale stendi yanashikwa na nani, Wamasihiya? Ule msikiti wa kwetu umechangiwa tangu sijaota ndevu, mpaka leo ni nguzo na nondo.

Mpemba Mtulivu

Tusifike huko, maana nikianza kuuliza habari ya makubaliano ya serikali na makanisa ya 1992, yale ya hospitali na shule, uzi huu utafungwa na mtalala na viatu.

Ngosha wa Igoma

Nilijua tu 1992 itatajwa. Huwa haifiki ukurasa wa pili.

Baridi ya Bremen

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Huku hakuna bahasha wala maiki. Ukijiandikisha kuwa Mkatoliki au Mlutheri, kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara juu kwa juu na serikali, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kutegemea jimbo. Ukitaka kutoka, karibu majimbo yote unakwenda kujiondoa ofisi ya serikali, siyo kwa mchungaji. Maaskofu wa Kikatoliki walitoa amri 2012 kwamba anayejitoa hapati sakramenti. Hela zipo kweli kweli, kanisa lina vipasha joto mpaka chini ya mabenchi. Watu ndiyo hamna. Jumapili iliyopita tulikuwa mimi, bibi watatu na mpiga kinanda.

Fundi Bomba

Huyo mzee mpelekeni Bremen akatikise slipu za mshahara.

Githeri Moto

Majirani hamjambo. Nyinyi mnalia juu ya mia tano, sisi Kenya kanisani tunaletewa mamilioni na wanasiasa kwa mabunda, kila Jumapili harambee. Novemba 2024 ndiyo tuliona maajabu, Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akaagiza pesa za Rais zirudishwe, zile alizotoa pale Soweto, Kahawa West. Sijawahi kuona sadaka ikirudi. Na kabla ya hapo, 2014, nchi nzima tulikuwa tunacheka habari ya mbegu ya shilingi 310. Unatuma kwa simu, unaombewa. Mjomba wangu alituma. Bado ana mgongo.

Mlalahoi Mstaarabu

Githeri karibu sana, ila tusitoke kwenye mada. Rais karudishiwa hela kwa heshima, kwa barua. Mimi yangu IMETIKISWA. Kati yetu nani kaonewa?

Chachu ya Kibena

Hao wa kutikisa bahasha ni malaika ukilinganisha na wale wa mafuta na maji ya upako. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta. Watu 20. Mimi nilikuwa na shangazi pale uwanjani, alirudi na kiatu kimoja. Mtu anatoa sadaka akiwa amekata tamaa ya kazi, ya mtoto, ya ndoa, na kuna mwenye kulijua hilo vizuri kabisa. Kwa hiyo mleta uzi wewe umechekwa tu. Nenda kalale.

Binti Milimani

Hapo umesema. Ila kuchekwa mbele ya mama mkwe nako si kitu cha kulala.

Mkatoliki wa Jumuiya

Nyie wa bahasha hamjui mateso. Huku kwetu ukifa, kabla padre hajapangiwa, mwenyekiti wa jumuiya anaulizwa kama marehemu alikuwa analipa zaka na anasali jumuiya. Jeneza liko kwenye gari, mjane analia, na kuna mama ana daftari anapitisha kidole. "Machi hayupo." Marehemu hawezi hata kujitetea kwamba Machi alikuwa mgonjwa.

Kitunguu Swaumu

"Machi hayupo" 😂😂😂 Mimi hiyo naifanya jina langu la jukwaani.

Mjukuu wa Kihamba

Mimi mavuno ndiyo yaliniponza. Nimepeleka jogoo wangu, kaingia mnadani, kanunuliwa elfu arobaini, aliyemnunua kamrudisha mnadani kwa utukufu wa Mungu, kanunuliwa tena elfu sitini, karudishwa tena. Yule jogoo ameingiza laki na sitini asubuhi moja. Mimi mwenye jogoo sijaimbiwa hata pambio! Na aliyemchukua mwisho, kwa elfu sitini nyingine, tunajuana, ni huyo huyo wa suti ya krimu, mpaka leo hajalipa. Ila supu kanywa.

Mlalahoi Mstaarabu

HAJALIPA? Hebu rudia hapo. Anayetikisa za wenzake?

Mjukuu wa Kihamba

Simtaji. Lakini supu kanywa.

Ngosha wa Igoma

Jogoo wa aina gani huyo wa elfu sitini? Kuchi?

Mjukuu wa Kihamba

Wa kienyeji tu, ila mrefu. Ana kilemba chekundu hivi.

Ngosha wa Igoma

Hapo Igoma jogoo mrefu wa kienyeji elfu thelathini mwisho, tena anakuja na kamba yake. Mmeibiwa kwa jina la Bwana.

Fundi Bomba

Mnalalamikia kanisa, kanisa angalau unatoa ukiwa umekaa. Njooni kwenye michango ya harusi. Wiki hii nimeunganishwa kwenye magrupu manne ya WhatsApp bila kuulizwa. Bwana harusi mmoja simjui. Nimeuliza "samahani huyu ni nani", wamenijibu "Fundi, ahadi yako bado haijaonekana".

Binti Milimani

Ooh usiniambie habari ya kamati! Kadi ya peke yako elfu hamsini, ya wawili laki. Ukitoa thelathini unatumiwa meseji ya shukrani na hukumbushwi ukumbi uko wapi.

Mkatoliki wa Jumuiya

Na mweka hazina wa kamati anaorodhesha kila asubuhi saa kumi na mbili. Jina, ahadi, alicholipa, salio. Na alama nyekundu pembeni ya jina lako. Saa kumi na mbili! Hata jogoo wa mavuno alikuwa hajawika.

Mpemba Mtulivu

Hapa sasa naomba nishiriki, maana hili halina dini. Mimi nilichangia harusi ya mtu Tanga, wakaachana kabla sijamaliza kulipa ahadi. Mweka hazina ananidai mpaka leo, anasema ukumbi ulikwishatumika.

Githeri Moto

😂😂 Unalipa deni ya ndoa iliyokufa.

Mlalahoi Mstaarabu

Wakuu, turudi kwenye bahasha.

Kitunguu Swaumu

@Mpemba usilipe. Mwambie arusi ilivunjika na ahadi imevunjika.

Chachu ya Kibena

Alipe nusu. Pilau si alikula?

Mpemba Mtulivu

Sikula. Sikualikwa. Nilitoa thelathini.

Mlalahoi Mstaarabu

Jamani bahasha. Cheng cheng cheng. Kwenye maiki.

Maturubai na Viti Tegeta

Nimesoma uzi wote. Kwa mahitaji ya viti, maturubai, meza za duara na spika za harusi, msiba au mnada wa mavuno, Tegeta mpaka Bunju tunafika. Bei zinazungumzika. Malipo kabla ya shughuli, ahadi hatupokei.