Mrejesho: likizo ya karibu na Kampala

Niliwauliza niwapeleke wapi watoto likizo hii bila kwenda mbali na Kampala, mkasema Entebbe. Asanteni sana! Bustani ya Mimea, ile iliyoanzishwa mwaka 1898, waliipenda, ila kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, ndicho kilichotuteka. Nendeni alfajiri. Mtumbwi unapenya katikati ya mafunjo, kisha mwongozaji anazima injini na kusukuma kwa upondo. Tukamkuta yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu (shoebill), kasimama tuli anavizia samaki aitwaye kamongo. Alipojitupa majini, kitinda mimba wangu alinibana mkono. Zamani wavuvi walimwua ndege wa aina hii wakiamini analeta mkosi. Leo baadhi yao ndio wanaopeleka wageni kumwona, jambo lililonifurahisha mno. Shule zikifungwa tena tunakwenda Jinja.